Ongeza Mafuta Kidogo

Mmeniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili mafundi mnaobaki mpate cha kujifunza. Nashukuru. Muda wote niliokuwa nanyi hakuna aliyenisikiliza nikisema kwa mdomo, kwa hiyo bila shaka mtanisikiliza nikiandika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa kundi letu la simu ni la mafundi wa Kiswahili wa Toronto, na pia kwa sababu nataka wale watoto wenu wanaoelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza wapate kazi ya kufanya. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili, fundi na fundi mzee, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huo huo mnaolipwa ninyi.

Nilianza kazi Arusha, kwenye gereji ya Fundi Mkude. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya ambayo mama alikuwa ameipiga pasi. Fundi Mkude aliitazama kwa muda, akaniuliza kama nimekuja kufunga ndoa. Kisha akanitupia plagi iliyotoka kwenye injini ya pikipiki, akasema, "Soma." Nikaigeuza huku na huku, nikamsomea jina la kampuni na namba iliyochapwa kwenye kauri. Mafundi wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana nilidhani wanamcheka mtu mwingine.

Alichotaka nisome ni rangi ya ncha. "Nyeupe, injini ina njaa," alisema. "Nyeusi, imevimbiwa. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa imeshiba, iache." Injini hula hewa na petroli kwa kipimo, na kipimo hicho hupangwa kwenye kabureta. Petroli ikipungua na hewa ikazidi, joto ndani ya silinda hupanda na injini huchemsha. Watu wengi hudhani kinyume chake. Wanaona injini imepata moto, wanapunguza petroli, kwa kuwa si ndiyo inayowaka? Nimekula na kusomesha watoto kwa sababu ya akili hiyo, kwa hiyo sina sababu ya kuikosoa.

Mkude alikuwa na sheria moja tu, nayo haikuhusu vyuma. Kabla hujagusa skrubu yoyote, muulize mwenye pikipiki amefanya nini. Akishajibu, muulize tena. Niliona ni kumchosha mteja, na nikamwambia hivyo, kwa sababu nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilikuwa najua kila kitu. Nilipoondoka kuja huku alinipa bisibisi yake fupi, ile aliyoinoa ncha kwa jiwe mpaka ikaingia kila kabureta iliyowahi kufika Arusha. Nimeitumia mpaka wiki yangu ya mwisho kazini. Zile seti zenu za vipande mia na ishirini kwenye masanduku yenye taa ndani nazisifu sana, hasa ile taa.

Toronto nilifika mwezi wa pili. Gereji iliyonipokea mnaifahamu, ile ya nyuma ya Weston Road, karibu na reli, ambapo treni ya uwanja wa ndege ikipita spana zote ukutani hucheza. Mwenye gereji alikuwa Mreno aitwaye Nelo, Mungu amrehemu. Alinifungulia mlango wa stoo, nikaona pikipiki zimepangwa safu kwa safu, zote zimefunikwa mashuka. Nikamuuliza zimekufa lini. Akasema hazijafa, zimelala, zitaamka mwezi wa nne. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Nilikuwa nimeacha nchi ambayo pikipiki inafanya kazi hata Krismasi, nikaja kwenye nchi ambayo pikipiki inapewa likizo ndefu kuliko mwalimu.

Mimi na Nelo tulielewana kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Yeye aliisema kana kwamba anatafuna kitu, mimi niliisema kana kwamba naomba radhi. Kila mmoja alimwona mwenzake hafahamu, kwa hiyo kila jambo tuliulizana mara tatu, na mara ya nne tulionyeshana kwa vidole. Siku ya kwanza aliniambia nipime joto la injini. Nikalowesha kidole kwa mate, nikaligusa pezi la silinda, lile la kupozea injini, likasema *tsss*, nikamwambia ni moto mno. Akaniletea kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, akapiga, kikasema vilevile kwa tarakimu. Alinitazama, akatazama kidole changu, akarudisha kipimajoto kwenye droo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na sikumbuki hata siku moja tulipokosana kwa kutoelewana. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limeilisha gereji yetu kuliko ajali na kutu, yaani watu wanaojirekebishia kabureta nyumbani. Kila majira ya kuchipua walikuja, wamejaa elimu ya video. Yupo kijana wa Lawrence Heights aliyekuwa akipeleka vyakula kwa pikipiki. Yake ilichemsha, akafikiri haipumui vizuri, akatoa chujio la hewa lote akalitupa, ili ipumue. Ilipumua sana. Ilipumua hewa tupu mpaka bomba la eksosi likawa jekundu mbele ya mlango wa mteja aliyekuwa akisubiri supu. Yupo mwingine aliyesoma kwamba tundu la jeti, kile kijibomba cha petroli ndani ya kabureta, likiwa kubwa petroli huongezeka, jambo ambalo ni kweli, akalipanua kwa pini ya hijabu ya dada yake. Alikuja na jeti mkononi, pini imekatikia ndani, na dada yake nyuma akidai pini yake.

Baadaye zikaja pikipiki za kompyuta, zisizo na kabureta. Nikadhani sasa watapumzika. Wapi! Wakagundua kwamba hizi huchemsha kwa sababu kiwandani zimepangiwa petroli kidogo ili moshi uwe safi, na kwamba kuna kiboksi unachoweza kuagiza, ukakifunga chini ya kiti, kikaidanganya kompyuta kwamba kuna baridi, ili imwage petroli zaidi. Mtu analipia mashine ya akili, kisha analipia mashine ya pili ya kuidanganya ile ya kwanza. Nilifunga vingi. Niliwacheka wote, tena kwenye kundi letu hili, na mkanisaidia kucheka. Picha ya ile pini bado mnaisambaza.

Ndipo akaja Mama Imran.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wangu wa mwisho kazini, gereji imejaa mpaka mlangoni. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mnene kidogo, amevaa baibui jeusi na raba nyeupe, alisubiri zamu yake, kisha akafungua leso juu ya kaunta. Ndani ya leso mlikuwa na plagi. Akasema kwa Kiswahili cha Arusha kabisa, "Fundi Elia, nimeambiwa wewe unazisoma."

Ilikuwa nyeupe kama kauri ya bafuni. Nikamwambia ina njaa. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa akisema marehemu." Nusura nimkumbatie.

Marehemu ni mumewe, Akbar, aliyekuwa na duka la vitambaa Arusha kabla hawajahamia Mississauga. Huko nyuma aliacha pikipiki kwa kaka yake, ndogo, nyekundu, ya injini ile ya zamani ambayo haina sehemu yake ya oili. Oili yake unaichanganya na petroli ndani ya tangi, ukikosea kipimo shauri yako. Akbar alipostaafu akaagiza aletewe kwa meli. Ililetwa, wakaiweka gereji ya nyumbani, wakasema wataiwasha theluji ikiisha. Akbar akafariki mwezi wa kwanza. Theluji ilipoisha mjane akaiwasha mwenyewe, ikachemsha.

"Sasa mwanangu anataka kuiuza," akasema. "Na mimi nimeshapita mtihani wa maandishi. Leseni yangu ya mwanafunzi ni siku tisini tu, Fundi. Miaka ishirini nimekaa nyuma, upande, baibui nimelikunja mapajani, mikoba miwili na mtoto katikati. Nataka nikae mbele."

Akaweka mkono juu ya kaunta kunionyesha marehemu alivyokuwa akishika usukani, vidole viwili daima juu ya klachi, hata kwenye barabara iliyonyooka. Injini za aina hiyo zikikamata, yaani pistoni ikikwama ndani ya silinda, gurudumu la nyuma hufunga papo hapo, na huna muda wa kufikiri. Ukivuta klachi unapona. Nikamwambia marehemu alikuwa dereva. Akasema, "Alikuwa mwoga," na macho yakamlenga machozi, tukatazama pembeni wote wawili.

Ugonjwa niliujua hapo hapo, bila kuiona pikipiki. Arusha iko juu, hewa yake nyepesi, na fundi wa kule huipangia kabureta petroli ya kutosha hewa hiyo. Mississauga iko chini, tena mwezi wa nne kuna baridi, hewa ni nzito. Pikipiki ile ilikuwa ikivuta hewa ya hapa kwa kipimo cha petroli cha kule. Lazima ingechemsha. Dawa ni kufungua kabureta na kuinua sindano yake. Sindano ile ina mifereji mitano na kibanio, ukishusha kibanio mfereji mmoja, sindano hupanda na petroli huongezeka. Ni kazi ya nusu saa.

Lakini foleni ilikuwa ya wiki tatu, simu inalia, na mimi nilikuwa nimefurahi mno kuzungumza na mtu wa nyumbani bila kutafuta maneno. Nikamwambia, "Mama Imran, hewa imezidi. Ongeza mafuta kidogo kwenye mchanganyiko. Unaweza mwenyewe nyumbani?"

"Mchanganyiko naujua vizuri," akasema. "Marehemu alinifundisha."

"Basi ongeza kidogo kidogo."

"Moja?"

"Moja. Endesha hapo mtaani, tazama plagi. Ikiwa bado nyeupe, ongeza nyingine."

Akafunga leso yake, akanishukuru, akaondoka. Mimi nikaenda kwa mteja aliyefuata, nikamcheka kwa kujirekebishia kabureta nyumbani.

Siku chache baadaye akapiga simu. "Nimeongeza moja, Fundi. Inatoa moshi zaidi lakini joto liko palepale. Naona hata limezidi." Fundi yeyote ambaye hajalala angeshtuka, kwa sababu injini iliyoongezwa petroli haizidishi joto. Nilikuwa nimeshika tairi kwa mkono mmoja na simu kwa bega. Nikasema, "Ongeza nyingine." Wala sikumuuliza nyingine ya nini.

Nina hakika mmeshaelewa, ila niseme wazi kwa faida ya wale wenye taa kwenye sanduku. Mimi niliposema mafuta nilikuwa na maana ya petroli. Mchanganyiko kwangu ni wa hewa na petroli, na moja ni mfereji mmoja wa sindano. Mama Imran alikuwa ameolewa na mtu ambaye kila Jumapili alichanganya petroli na oili kwenye galoni, akipima oili kwa kikombe cha kahawa, vikombe vinne kwa tangi. Nyumbani kwao petroli iliitwa petroli na oili iliitwa mafuta, sawa na ya kupikia. Mchanganyiko kwake ulikuwa ule wa galoni, na moja ilikuwa kikombe kimoja. Akatia vitano. Nilipomwambia nyingine, akatia sita.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halina huruma. Ukiongeza oili ndani ya petroli, katika kila tone linalopita kwenye jeti oili ni nyingi zaidi na petroli ni kidogo zaidi. Injini iliyokuwa na njaa unaipunguzia tena chakula. Kwa kila kikombe alichoongeza kwa maelekezo yangu, joto lilipanda.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, kwenye mtaa wao uliotulia, pistoni ilikamata. Gurudumu la nyuma likafunga. Vidole viwili vilikuwa juu ya klachi. Alivuta, pikipiki ikateleza mpaka kwenye nyasi za jirani, akaanguka ubavu taratibu. Mkono ulivimba, baibui lilichanika. Kusingekuwa na vidole vile viwili, na lori likiwa nyuma yake, mngekuwa mnasoma kurasa za namna nyingine, na pengine nisingeziandika.

Imran aliileta pikipiki gereji kwenye gari la kukodi, mama yake kakaa mbele, mkono umefungwa bandeji. Imran ni kijana mzuri, afisa wa bima, wa wale wanaoelewa na kujibu kwa Kiingereza. "Uncle, she put six cups," akaniambia. "It's four. She knows it's four. She forgot." Vikombe ni vinne, mama anajua ni vinne, amesahau. Alisema hivyo akiwa amesimama karibu naye, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia wakizungumza juu ya mgonjwa. Tena alishamwekea miadi kwa daktari wa kumbukumbu, Alhamisi ya wiki iliyofuata, na Jumamosi yake mnunuzi wa pikipiki za kale angekuja kuichukua ilivyo.

Nilifungua kifuniko cha tangi, nikanusa. Kichwani nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema moja, kisha nyingine. Nilielewa kila kitu nikiwa bado nimeinama. Nilipoinuka Mama Imran alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Oili imezidi."

"You see, Mummy?" akasema Imran.

Ilikuwa kweli tupu, oili ilikuwa imezidi. Sijawahi kusema uongo mzuri namna ile. Mama Imran aliteremsha macho, akavuta mkono wake wenye bandeji ndani ya baibui, wakaondoka.

Nilinyamaza siku nane. Naweza kuwapa sababu, ninazo nyingi na zote zimepangwa vizuri. Nilikuwa nastaafu mwezi wa tisa. Watu wa msikiti wao walikuwa wateja wetu tangu enzi za Nelo. Nilikuwa nimewacheka watu nusu ya mji huu kwa makosa madogo kuliko langu. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu, na nikamwachia mjane abebe aibu hiyo kwa niaba yangu, hata kama ingembidi akakae mbele ya daktari na kuulizwa leo ni siku gani. Mke wangu nilimsimulia Jumatano asubuhi tukinywa chai. Akaweka kikombe chini, akasema, "Na kesho ndiyo Alhamisi." Nikaacha chai yangu nusu, nikapiga simu kazini kwamba nachelewa, nikapanda basi kwenda Mississauga.

Nilibeba sindano ya kabureta mfukoni na bisibisi ya Mkude, sijui kwa nini bisibisi. Imran alikuwa akifanya kazi nyumbani siku hiyo. Wakanikaribisha, wakaleta chai na kachori, nikakataa kachori ili nisizidiwe na wema.

"Imran," nikasema, "mama yako hajasahau kitu. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze mafuta."

"I know, Uncle. Lakini alizidisha. Too much oil."

"Sikusema oili. Nilisema mafuta."

Akanitazama kwa ile sauti ya upole iliyohamia usoni sasa, nikajua na mimi nitapata miadi. "Uncle, mafuta ni oil."

"Hapo kwenye kona mna kituo cha mafuta," nikasema. "Ukienda pale unanunua oili?"

Akageuka kutazama dirishani, upande wa kona. Nikaweka sindano mezani, nikamwonyesha mifereji mitano, nikamweleza moja yangu ilikuwa ipi na moja ya mama yake ilikuwa ipi. Nikamwambia mama yake alinipigia simu na kuniambia joto limezidi, na nikamwambia aongeze tena. Nikamwambia kwamba nilipolinusa lile tangi nilijua, na nikanyamaza mbele yake. Nilisema yote bila kupumzika, kwa kuwa ningepumzika ningepata njia ya kuchomoka.

"So she did exactly what you told her," akasema polepole. Alifanya kile kile ulichomwambia.

"Kile kile. Angekuwa msahaulifu kidogo, angepona."

Imran alimgeukia mama yake. Alihangaika na maneno, na nilidhani yatatoka ya Kiingereza kama kawaida. "Mummy," akasema, "nisamehe. Mimi pia ningeweka oili." Kisha akachukua simu, akatoka barazani, tukamsikia akifuta miadi ya daktari. Jioni alimpigia mnunuzi pia, kumwambia pikipiki haiuzwi tena.

Nilipobaki na Mama Imran nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akasema alijua tangu nilipoinuka kutoka kwenye tangi, aliona uso wangu.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, Fundi? Nani angemsikiliza mwanamke anayesahau?" Akanisogezea kachori. "Nilikuwa nakusubiri wewe. Ulichelewa."

Nilikula kachori tatu.

Pikipiki niliitengeneza kwa muda wangu mwenyewe. Silinda ikachongwa, tukatafuta pistoni ya saizi ya juu kidogo, nikabadilisha jeti, nikainua sindano. Vikombe vinne vya oili, kama Akbar alivyosema tangu mwanzo. Mama Imran alikuja kila jioni baada ya kazi, akasimama pembeni, na kila nililotaka kumwambia nilimuuliza kwanza yeye angeliitaje. Tuliandika kwenye galoni zake kwa kalamu nene, PETROLI huku, OILI kule. Mwisho tuliitoa plagi ikiwa ya moto, tukaitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa saba, siku tisini hazijaisha, akapita mtihani wa barabarani.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Mimi na Nelo hatukuwahi kuharibu injini kwa maneno, kwa kuwa tulijua hatuelewani. Na mtu wa nyumbani, kwa lugha niliyonyonya, nilielewana vizuri kiasi kwamba hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Kwa hiyo mteja akikuambia kwa Kiswahili kitamu kwamba ameongeza mafuta, acha spana, muulize mafuta yapi. Akishajibu, muulize tena. Hii ni sheria ya Fundi Mkude, mimi nilimwona mzee anayechosha wateja, na imenichukua kazi nzima na ubavu wa mjane kuifahamu.

Mwezi wa tisa nikastaafu. Mlinipa saa ya ukutani, na kweli mtu asiye na pa kwenda anahitaji sana kujua ni saa ngapi. Wiki iliyopita nilikuwa naitazama hiyo saa, simu ikalia. Mama Imran.

"Fundi, inapiga chafya. Niongeze mafuta kidogo?"

"Usiguse!" nikapiga kelele. "Usiguse kitu chochote, nakuja!" Mke wangu anasema nilitoka na ndara. Nilibadilisha viatu kwenye ngazi, nikapanda basi la kwanza, la pili, la tatu, nikakimbia mtaa mzima kwa magoti haya mnayoyajua.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa gereji yake, raba nyeupe miguuni. Pikipiki ilikuwa inanguruma kwa utulivu, moshi mwembamba, haina chafya wala kikohozi. Nililowesha kidole, nikaligusa pezi. Joto la kawaida kabisa.

"Nilitaka kuona kama umejifunza," akasema. "Umekuja mbio, Mungu akubariki. Lakini hukuniuliza ni mafuta yapi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapanda, akaweka vidole viwili juu ya klachi, akaninyooshea kofia ngumu ya marehemu.

Nikaivaa, nikakaa nyuma.